Maumivu Haya ni ya Nini? Mwongozo kamili wa kuusoma mwili wakati wa matibabu ya saratani ya titi na baada yake

Wiki ya tatu baada ya kuondolewa titi la kushoto niliamka usiku chuchu inaniwasha. Nikapeleka mkono kujikuna, nikakuta bandeji, na chini ya bandeji ubavu. Mwasho haukuondoka. Nilikaa kitandani hadi adhana ya alfajiri nikiamini kwamba ama saratani imerudi, ama akili imeniruka. Haikuwa hivi wala vile. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipeleka habari za chuchu kwenye ubongo bado ilikuwepo, ncha zake tu ndizo zilizokatwa, na ubongo ukaendelea kuipokea habari kama zamani. Huwapata wanawake wengi. Ningeambiwa mapema, ningelala.

Mimi si daktari. Ni mgonjwa niliyepita operesheni, dripu (dawa za kuua saratani zinazopitishwa mshipani, yaani kemotherapi) na mionzi, na sasa nipo mwaka wa nne wa vidonge. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya kliniki na kina mama na mabinti kutoka mikoa mbalimbali, na swali letu ni lilelile: hiki ninachokisikia ni dawa, ni kidonda kinapona, au ni ugonjwa wenyewe? Nilichojifunza ni kwamba karibu kila kinachosikika mwilini kina tarehe yake. Kina siku ya kuanza, siku ya kupamba moto na siku ya kupungua. Ukizijua tarehe hizo utaweza kulala, na jambo likija nje ya tarehe yake utalitambua mapema na kulipeleka panapostahili.

Hatua ya 1: Nunua daftari na kipimajoto

Kipimajoto kinauzwa maduka ya dawa, na daftari liwe dogo, la kuingia kwenye pochi. Ndani ya jalada andika upande uliopasuliwa, majina ya dawa zako, na namba ya simu ya wodi au kliniki. Kurasa za ndani si za insha. Andika siku ya ngapi tangu operesheni au dripu, mahali hasa, namna ya maumivu (kuchoma, kuvuta, kuwaka, ganzi, shoti ya umeme), ukali wake kutoka 0 hadi 10, na kinachoyapunguza. Ukurasa wangu mmoja unasema hivi: "Siku ya 3 baada ya dripu. Nyonga zote mbili na magoti. Inauma kama malaria. 7. Parasetamoli inashusha hadi 4. Nikitembea afadhali."

Daktari ana foleni ndefu mlangoni. Ukimwambia "naumwa mwili mzima", hana pa kushika. Ukimsomea mistari mitano kama ile, atajua aulize nini.

Hatua ya 2: Wiki za kwanza baada ya operesheni

Utatoka chumba cha upasuaji na mpira mwembamba ubavuni unaoingia kwenye chupa au mfuko. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayokusanyika palipokuwa na titi. Siku za kwanza huwa mekundu, kisha ya rangi ya waridi, kisha manjano kama chai isiyokolea. Pima kila siku saa ileile na uandike. Madaktari wengi husubiri yashuke chini ya mililita 30 kwa saa 24 ndipo wautoe, na kwa kawaida hufika huko ndani ya wiki moja hadi mbili. Mpira huo huvuta ngozi ukigeuka, kwa hiyo ufunge kwenye nguo kwa pini. Majimaji yakigeuka usaha, yakinuka, au damu nyekundu ikajaza chupa kwa muda mfupi, usisubiri siku ya kliniki.

Mpira ukishatolewa, huenda ukasikia maji yanacheza chini ya kovu unapogeuka kitandani. Ni majimaji yaleyale yamekosa njia, na madaktari huyaita seroma. Kidogo mwili huyanywa wenyewe. Yakijaa na kuvuta, daktari huyanyonya kwa sindano, na kwa kuwa sehemu ile ina ganzi, wengi wetu hata hatusikii.

Ganzi yenyewe inahitaji maneno yake. Waliotolewa tezi za kwapa hupata ganzi ndani ya mkono, kuanzia kwapani kuelekea kiwiko. Ukiigusa ni kama unagusa mkono wa mtu mwingine, halafu nguo ikiipitia tu, inawaka. Ni mshipa wa fahamu unaopita kwapani, uliovutwa au kukatwa wakati wa kutoa tezi. Kwa wengine ganzi hupungua ndani ya miezi kadhaa, kwa wengine kipande hubaki maisha yote. Changu kipo, cha ukubwa wa kiganja, na nimekizoea. Tahadhari moja: nyoa kwapa polepole kwa mashine ya umeme, maana ukijikata hutasikia.

Kati ya wiki ya pili na ya nane kuna kitu kinachowatisha watu kuliko vyote. Unanyoosha mkono, na chini ya ngozi ya kwapa zinajitokeza nyuzi ngumu, kama kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa kutoka kwapani hadi kiwiko, wakati mwingine hadi kifundo cha mkono. Dada mmoja niliyekaa naye alikuwa ameshaaga watoto kwa sababu ya nyuzi hizo. Si saratani. Ni vijishipa vya limfu, yale majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi, vilivyokakamaa baada ya upasuaji, na hulegea kwa mazoezi ndani ya wiki au miezi. Mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akikuonyesha mara moja jinsi ya kuzinyoosha, fanya nyumbani kila siku.

Zoezi lililonisaidia halina gharama. Simama mbele ya mlango, weka vidole kwenye fremu, vipandishe kama buibui mpaka ngozi ianze kuvuta, hesabu hadi kumi, ushuke. Niliweka alama ya penseli pale vidole vilipofika na kuandika tarehe pembeni. Alama ya kwanza ilikuwa chini ya bega. Mpaka leo fremu ya jikoni kwetu ina tarehe zilizopandana kama ngazi, na nilikataa isipakwe rangi. Kuvuta ni sawa. Maumivu makali ya kuchana si sawa, hapo shuka. Kabla mpira haujatolewa usiinue mkono juu ya bega isipokuwa umeruhusiwa. Wiki sita za kwanza usibebe ndoo wala mtoto kwa mkono ule. Na kukuna nazi kwenye mbuzi, ambako kunatumia bega lote, mwachie mtu mwingine. Mimi nilikuwa nikiswali kwenye kiti, kwa sababu kusujudu kulivuta kovu, na nilirudi chini siku mkono uliponibeba bila kutetemeka.

Kidonda kikifunga kabisa na daktari akiruhusu, kovu lisuguliwe taratibu kwa mafuta, hata ya nazi, duara dogodogo, dakika tano. Sisi wenye ngozi nyeusi makovu yetu hupenda kuvimba na kuwasha, na huo ni mwili kujifunga. Lakini kinundu kipya, kigumu, kinachokua, juu ya kovu, kwapani au juu ya mfupa wa mtulinga, kionyeshe daktari hata kama hakiumi.

Hatua ya 3: Dripu, na homa isiyongoja

Wakati dripu nyekundu inapita, ile ya doksorubisini, ukisikia mshipa unawaka au mahali pa sindano panavimba, mwite nesi papo hapo. Usione haya, usivumilie. Dawa hiyo ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama. Kwa siku moja au mbili baada ya dripu mkojo utakuwa mwekundu au wa rangi ya chungwa, nayo ni rangi ya dawa tu. Usiku ule ule huenda usipate usingizi na uso ukawaka moto. Hiyo ni deksamethasoni waliyokupa kuzuia kutapika.

Kama dripu zako hurudiwa kila siku 21, siku za mwanzo ni za kichefuchefu na uchovu unaokulaza hata baada ya kulala. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa. Utajisikia afadhali, utataka kwenda harusini, kumbe ndizo siku ambazo mwili hauna askari.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Kwetu homa imezoea jina moja: malaria. Siku ya kumi baada ya dripu yangu ya pili nilisikia baridi. Nikaenda duka la dawa la mtaani, nikapewa dawa ya malaria bila kipimo, na parasetamoli juu yake. Parasetamoli ikashusha joto, nikajiona nimepona, nikalala. Kesho yake jioni nilibebwa hospitali siwezi kusimama, nikalazwa siku tano. Ilikuwa maambukizi kwenye damu, na yalikuwa yamepata siku nzima ya kutamba. Kwa mtu aliye kwenye dripu, homa ni dharura mpaka ithibitike vingine. Joto likifika 38, au kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 na unasikia baridi, usimeze kitu cha kushusha homa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini na damu yote ipimwe, kwa sababu dawa ya kuua bakteria inatakiwa iingie mshipani ndani ya saa moja. Pale mapokezi usiseme "nina homa" ukae benchi. Sema: "Niko kwenye dripu za saratani, leo ni siku ya tisa, joto langu ni 38.2." Sentensi hiyo iandike kwenye daftari na umfundishe anayelala nyumba moja na wewe.

Nywele huanguka wiki ya pili au ya tatu. Kabla hazijaanguka ngozi ya kichwa huuma, kama umesukwa twende kilioni na msusi mwenye hasira. Ukizinyoa, maumivu hupungua. Mdomo ukichubuka, sukutua mara nne kwa siku kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, uache pilipili na ndimu kwa muda.

Ukihamia paklitakseli, dripu ya aina nyingine, mambo hubadilika. Kichefuchefu hupungua, lakini siku ya pili au ya tatu mifupa na misuli huuma, hasa miguu na nyonga, kisha huachia ndani ya wiki. Wengi hapo hudhani saratani imeingia kwenye mifupa. Angalia daftari: ikija tarehe ileile kila dripu na kuondoka tarehe ileile, ni dawa. Kinachohitaji kusemwa mapema ni ganzi ya vidole. Ukianza kushindwa kufunga kifungo, kuokota sarafu, au kuhisi kama una soksi miguuni wakati huna, mwambie daktari kabla ya dripu inayofuata, si baada yake. Anaweza kupunguza kipimo cha dawa, na mishipa ya fahamu iliyoathirika sana huchukua muda mrefu kurudi. Wakati huo usitembee peku, na sufuria ishike kwa kitambaa kinene.

Na mitishamba. Watu wanaokupenda watakuletea. Pokea kwa heshima, lakini usinywe wakati wa dripu bila kumwonyesha daktari, kwa kuwa ini linalosafisha dawa ni hilo hilo moja.

Hatua ya 4: Mionzi

Mionzi yenyewe haiumi. Kinachouma siku za kwanza ni kuinua mkono juu ya kichwa na kukaa hivyo bila kutikisika, ndiyo maana mazoezi ya mlangoni yasiachwe. Idadi ya vikao huwa kama 15 kwa wiki tatu, au 25 kwa wiki tano, kutegemea mpango wako. Alama walizokuchora usizisugue.

Vitabu vingi husema ngozi itakuwa nyekundu. Yetu haiwi nyekundu, inaiva: inakuwa nyeusi zaidi, inawasha, inakauka, kisha inamenyuka kwapani na kwenye mkunjo wa chini ya titi. Acha sidiria. Vaa khanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Osha kwa maji bila kusugua, kausha kwa kugusiagusia, usipake poda wala limau, na mafuta yoyote uyaulize kwanza.

Kilele cha kuungua si siku ya mwisho ya mionzi. Huja wiki moja hadi mbili baada ya kumaliza. Hili ni muhimu kwa wanaotoka mbali kwenda hospitali za mionzi, Ocean Road jijini Dar es Salaam au Bugando jijini Mwanza: unapanda basi ukiwa umefurahi, unafika kijijini, ngozi inaanza kumenyuka, na hospitali iko maili mia nyuma. Kabla ya kuondoka omba mafuta na bandeji za wiki mbili, na uulize namba ya kupiga. Wiki ya tatu ngozi mpya huanza kuonekana.

Baadaye, kwa miezi na hata miaka, utasikia shoti za ghafla kwenye titi au kifuani, sekunde moja mbili, kama sindano. Ni mishipa ya fahamu inajiunga. Ila kikohozi kikavu na kuishiwa pumzi ndani ya miezi sita baada ya mionzi viseme, kwa kuwa pafu linaweza kuwa limechomwa kidogo, na lina dawa yake. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kwetu hupimwa na TB pia. Usikatae.

Hatua ya 5: Ulinde mkono kwa miaka, si kwa wiki

Kati ya wanawake watano waliotolewa tezi nyingi za kwapa, takriban mmoja hupata uvimbe wa mkono wa kudumu, yaani limfedema. Aliyetolewa tezi chache za kupimia tu, hatari yake ni kama mmoja kati ya ishirini. Unaweza kuanza hata miaka baadaye. Dalili ya kwanza mara nyingi si uvimbe, ni uzito: mkono unachoka ukianika nguo, bangili inaacha alama, mkono wa gauni unabana upande mmoja. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mikono yote miwili kila mwezi mahali palepale, juu na chini ya kiwiko. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita mbili, muone mfiziotherapia. Ukianza mapema, mazoezi na soksi ya mkono vinafanya kazi vizuri.

Mkono huo usipigwe chuku wala kuchanjwa chale, na mkandaji asiukamue kwa nguvu. Ukilima vaa glavu, ukikaanga kaa mbali na mafuta. Ngozi ikiwa ya moto (tumia mgongo wa kiganja kuipima, maana wekundu hauonekani vizuri kwetu), ikauma na homa ikaja, ni maambukizi, nenda siku hiyo hiyo. Lakini usiufanye yai. Uutumie, uuongezee kazi taratibu.

Hatua ya 6: Vidonge vya miaka

Tamoksifeni, kidonge cha kuizuia homoni inayolisha saratani, humezwa miaka mitano, wengine kumi. Joto la ghafla hupanda kutoka kifuani hadi usoni, shuka linalowa jasho. Lala na khanga mbili, ya kulalia na ya kubadilishia. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata ghafla, nenda leo, inaweza kuwa damu iliyoganda. Ukitokwa damu ukeni wakati hedhi ilishakoma, mwambie daktari. Anastrozoli na letrozoli, vidonge vingine vya kazi hiyo, huleta ukakamavu wa viungo: asubuhi vidole havikunji, ukitembea nusu saa vinalegea. Usiache vidonge kimyakimya. Mwambie daktari vinakushinda wapi, kuna namna ya kubadilisha.

Hatua ya 7: Kuishi na usichokijua

Siku ya kumaliza matibabu wenzangu walipiga vigelegele, nami nikajikuta nalia. Nilikuwa nimezoea kuonwa kila wiki tatu, sasa naambiwa njoo baada ya miezi mitatu. Katika miezi ile kila kichomi kilikuwa kesi.

Utaratibu ninaoutumia ni huu. Maumivu mapya nayaandika siku yanapoanza, na pembeni naandika tarehe ya wiki mbili mbele. Mpaka siku hiyo siyagusigusi, maana kinundu ukikibonyeza mara arobaini kwa siku kitauma kwa kubonyezwa. Yakiwa yameondoka, napiga mstari. Yakiwa yapo palepale au yanaongezeka, au yananiamsha usiku, napiga simu. Katika miaka hii nimeandika mambo 31, nikapiga simu kwa sita, na yote sita yalikuwa na maelezo mengine.

Yapo yasiyongoja wiki mbili. Maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo ni ya leo, kwa sababu uti wa mgongo ukibanwa saa zina thamani. Vivyo hivyo kifafa, kichwa kinachouma kila asubuhi na kutapika, macho kugeuka manjano, na kushindwa kupumua.

Wengi huuliza kwa nini hatupigwi picha za mwili mzima kila mwaka, na hudhani wananyimwa. Tafiti mbili zilizofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 1994, kila moja ikiwa na wanawake zaidi ya 1,200, zililinganisha waliopimwa sana na waliofuatiliwa kwa kuonwa na daktari na kupigwa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi. Waliopimwa sana hawakuishi zaidi. Picha kwa asiye na dalili huibua vivuli, na vivuli huleta sindano na usiku wa kukesha. Kinachotakiwa ni kuonwa kila miezi mitatu hadi sita kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha miezi sita hadi kumi na miwili, na mamogramu ya titi lililobaki kila mwaka. Ukiwa na dalili, mambo ni mengine, na hapo daftari lako ndilo litakalokuombea kipimo.

Wiki ya kuelekea kliniki huwa mbaya. Kila kitu huuma. Nimeshaacha kupigana nayo: sipangi jambo kubwa wiki hiyo, namwambia mdogo wangu mmoja tu tarehe, anakuja kulala kwangu, na swali lolote linaingia kwenye daftari badala ya kuzunguka kichwani. Kliniki yangu inayofuata ni Jumanne. Kuna maswali mawili: vidole vya asubuhi, na kichomi cha chini ya kovu kilichoanza siku kumi na moja zilizopita, ukali 2, hakiniamshi.